Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi aliyeweka kisu katika mfuko wa kila mkulima

Kisu cha kukunja ni kitu kidogo sana, na watu wengi hawakifikirie hata siku moja. Kinakaa mfukoni, kinamenya embe, kinakata kamba ya mbuzi, kinafungua mfuko wa simenti, na jioni kinarudi mahali pake. Lakini kila kitu kiko na mtu aliyekianzisha. Leo, ndugu msomaji, tunatoka kidogo hapa kwetu Kivu na Ituri, tunakwenda mpaka kwenye milima ya Alpes huko Ufaransa, kufuata maisha ya bwana mmoja anayeitwa Joseph Opinel. Alizaliwa mwaka 1872, akafariki mwaka 1960. Jina lake limeingia ndani ya kamusi ya Kifaransa ya Larousse tangu 1989, na hakuwa rais, hakuwa mwanajeshi, hakuwa mwandishi wa vitabu. Aliingia humo juu ya kisu.

Ili kumwelewa Joseph, lazima kwanza uone mahali alipozaliwa. Jimbo la Savoie ni nchi ya milima mirefu, karibu na mpaka wa Italia na Uswisi. Ilikuwa chini ya wafalme wa upande wa Torino, na ni mwaka 1860 tu njo ilikuwa sehemu ya Ufaransa, maana yake miaka 12 tu mbele ya kuzaliwa kwa Joseph. Watu wake walikuwa wakulima na wafugaji. Wakati wa joto wanapandisha ng'ombe kwenye majani ya juu, wanakamua, wanatengeneza fromaji kubwa kubwa za duara. Wakati wa baridi, barafu inafunga njia na kila mtu anakaa nyumbani. Mtu wa Masisi akifika kule hatashangaa sana: milima, ng'ombe, fromaji, na barabara mbaya. Baridi tu njo itamshinda.

Ndani ya bonde la Maurienne, ambamo mto Arc unapita, kuko mji mdogo wa Saint-Jean-de-Maurienne. Ukipanda mlima kutoka pale unafika Albiez-le-Vieux, na katika sehemu hiyo kuko kijiji kinachoitwa Gevoudaz. Pale njo Joseph alizaliwa. Mwaka mmoja tu mbele yake, 1871, reli ilikuwa imemaliza kutoboa mlima kuelekea Italia. Kwa hiyo mtoto huyu alikomaa katika bonde ambamo jembe la zamani na treni ya moshi vilikuwa vinaishi pamoja. Tutaona baadaye kama treni ile ilimsaidia sana.

Familia ya moto na nyundo

Babu yake, Victor-Amédée Opinel, alikuwa mchuuzi wa kutembea. Wachuuzi wa aina ile walikuwa wanabeba mizigo mgongoni, kutoka kijiji mpaka kijiji, wanauza vitu vidogo vidogo. Akiwa amechoka na njia, ao akiwa ameona faida mahali pengine, alianzisha mahali pa kufua chuma pale Gevoudaz na akawa anatengeneza misumari. Baba yake Joseph, Daniel Opinel, aliendelea na kazi ile lakini akapanda ngazi: yeye alikuwa anafua vyombo vya makali. Mashoka, miundu ya kukatia matawi, visu vya kukatia mizabibu. Katika bonde lote watu walikuwa wanajua vyombo vya Daniel. Shoka lake lilikuwa halivunjike ovyo.

Wahunzi wetu wa vijijini wataelewa hali ile bila maelezo mengi. Mpaka leo, kwetu kuko wazee wanaochukua resori ya gari iliyokufa, wanaitia ndani ya moto, wanaipiga mpaka inakuwa jembe ao panga. Kazi ile inafundishwa kwa macho na mikono, baba kwa mtoto. Mtoto anaanza kwa kuvuta mivukuto, kisha anashika koleo, kisha siku moja anapewa nyundo. Na kile mzee anachokitaka ni kimoja tu: mtoto afanye namna yeye mwenyewe alivyofanya.

Joseph hakuwa mtoto wa aina ile. Aliingia katika kazi ya baba yake akiwa kijana, alijifunza chuma vizuri, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye mashini. Kila kitu kipya kilikuwa kinamvuta. Wakati picha za foto zilikuwa bado ni jambo la miji mikubwa, yeye alijitengenezea kamera kwa mikono yake, kisha akawa mpiga picha wa kijiji, akipiga picha za harusi na sherehe za watu wa bonde. Fikiria kidogo: mtoto wa mhunzi, mlimani, miaka ya 1800 inaelekea kwisha, anajijengea kamera. Mtu kama huyo hawezi kukaa maisha yake yote akipiga shoka lilelile.

Kisu cha mwaka 1890

Akiwa na miaka 18, mwaka 1890, Joseph alitengeneza kisu cha mfukoni. Mwanzoni haikuwa biashara. Kilikuwa kitu cha kuchezea baada ya kazi, na visu vya kwanza alivitengeneza kwa rafiki zake. Kilikuwa kisu rahisi kabisa: mpini wa mti, mviringo kidogo, unaoshikika vizuri katika kiganja, ubapa wa chuma cha kaboni wenye ncha iliyopanda juu kidogo, namna ya visu vya Waturuki, pete ya chuma ya kushikilia kichwa cha mpini kisipasuke, na msumari mmoja wa kupita katikati ambao ubapa unazungukia. Basi. Vipande vinne.

Visu vya kukunja vilikuwako tayari zamani sana, tangu wakati wa Waroma. Joseph hakuvumbua kisu cha kukunja, na ni vizuri tulisema hilo wazi, juu watu wanapenda kumpa mtu mmoja sifa ya kila kitu. Mji wa Thiers huko Ufaransa, Sheffield huko Uingereza, Solingen huko Ujerumani, miji hiyo ilikuwa inatengeneza visu miaka mia kwa mia. Lakini visu vingi vizuri vilikuwa na resori ndani ya mpini, vilikuwa na mapambo ya pembe na shaba, na bei yake mkulima wa mlimani alikuwa anaisikia tu. Kitu Joseph alichofanya ni kuondoa. Aliondoa resori, aliondoa mapambo, aliondoa kila kipande ambacho kisu kinaweza kuishi bila hicho. Kilichobaki ni kisu ambacho mchungaji wa ng'ombe anaweza kununua.

Baba yake hakupenda. Mzee Daniel aliona ile kisu ni mchezo wa kupita, tena mbaya zaidi aliona mtoto wake anataka kukitengeneza kwa mashini. Kwake yeye chombo cha chuma kinatoka katika mkono wa mtu. Watu wakielezea habari hii leo wanamfanya mzee kama mtu mjinga aliyeshindwa kuona mbele. Mimi sikubaliane nao sana. Daniel alikuwa na jina katika bonde lote, na jina lile lilisimama juu ya mkono wake. Mashini ikiharibu, ni jina lake litaharibika. Tena alikuwa anajua kitu ambacho wahunzi wetu hapa wanakijua sasa, wakati mapanga ya kiwandani kutoka ng'ambo yanafika sokoni kwa bei ambayo nyundo haiwezi kushindana nayo: mashini ikiingia, mafundi wengi wanatoka. Mzee hakukosea kuogopa. Alikosea tu juu ya kisu chenyewe, juu kisu kile hakikupita.

Kazi yenyewe ilikuwa wapi

Ukikitazama kisu cha Opinel utafikiri sehemu ngumu ni chuma. Kumbe sehemu ngumu ilikuwa mti. Mpini wa kisu cha kukunja lazima upasuliwe mfereji mwembamba ambamo makali yanalala. Mfereji ukiwa mpana, kisu kinachezacheza. Ukiwa mwembamba, hakifunguke. Ukienda upande kidogo, makali yanagusa mti na yanakufa. Na kufanya mfereji ule kwa mkono, mpini moja kwa moja, kunakula wakati wa mtu siku nzima kwa visu vichache.

Joseph alitumia akili yake yote hapo. Alibuni mashini ya kukata mfereji ndani ya mpini, na mashini nyingine za kufanya mipini mingi kwa umbo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alijenga kiwanda chake cha kwanza chini ya kijiji, mahali panapoitwa Pont de Gevoudaz, kando ya kijito. Alichagua pale juu ya maji: kijito kilikuwa kinazungusha gurudumu, na gurudumu linazungusha mashini. Hakukuwa na umeme wa mstari, hakukuwa na mafuta ya kununua kila siku. Wale wanaojua mito yetu inayoshuka milimani, na mashini za kusaga zinazokaa bila umeme kando yake, wataona namna kijana yule alikuwa anafikiri.

Hata mbele ya kiwanda kile, mwaka 1897, alikuwa amefanya jambo ambalo mimi naliona ni akili kuliko mashini zote. Alitengeneza kisu kilekile kwa ukubwa 12, akavipa namba kutoka 1 mpaka 12. Namba 1 kilikuwa kidogo sana, ubapa wa sentimita 2, kiko na pete ya kuning'iniza kwenye mnyororo wa saa, na watu walikuwa wanakitumia kusafisha kiko cha tumbaku. Namba 12 kiko na ubapa wa sentimita 12, hicho ni cha mtu mwenye kazi nzito. Katikati hapo kila mtu anapata chake: mtoto, mama wa jikoni, mchungaji, fundi wa mbao, mwindaji. Umbo ni moja, mpini ni uleule, lakini mkono unachagua. Baadaye, miaka ya 1930, namba 1 na namba 11 ziliondolewa. Namba 1 ilikuwa ndogo kupita kiasi, na namba 11 ilikuwa inafanana sana na 10 na 12.

Leo anayenunuliwa zaidi ni namba 8, ubapa wa sentimita 8 na nusu. Na kwa kweli, ukitafuta kisu cha kubeba kila siku, kipimo kile njo kinafaa wengi. Kidogo kuliko hapo, kiganja cha mtu mzima hakishike vizuri. Kikubwa kuliko hapo, kinakuwa mzigo mfukoni na kinaogopesha watu.

Treni, wachuuzi na mkono wenye taji

Kutengeneza ni jambo moja, kuuza ni lingine. Kijiji cha mlimani hakiwezi kumaliza visu vya kiwanda. Joseph alirudia njia ya babu yake: aliwapa visu wachuuzi wa kutembea, wakavipeleka kwenye masoko na sikukuu za vijiji vyote vya pande zile. Kisha alifungua mahali pa kuuzia karibu na kituo cha treni cha Chambéry, mji mkubwa wa Savoie. Wafanyakazi wa reli walipenda kisu kile. Mtu wa reli analala leo hapa, kesho kule, anakula chakula chake njiani, mkate na soseji na fromaji, na anahitaji kisu. Wakawa wanakibeba, wanakionyesha, wanawanunulia wenzao. Hivyo kisu cha Gevoudaz kilitembea Ufaransa nzima bila tangazo hata moja kwenye gazeti. Kwetu pia bidhaa zinatembea hivyo, kwa madereva wa magari makubwa na watu wa maboti.

Sasa kisu kikisha kujulikana, waigaji wanakuja. Mwaka 1909 Joseph aliandikisha alama yake ya biashara: mkono wenye taji juu yake. Hadithi ya alama ile ni ndefu kidogo. Mwaka 1565 mfalme Charles IX wa Ufaransa alikuwa ameagiza kila fundi wa visu aweke alama yake juu ya kazi yake, ili mteja ajue nani wa kumlalamikia. Joseph alifuata desturi hiyo ya zamani. Mkono alioweka, wenye vidole vitatu vilivyonyooka, ni mkono wa mtakatifu Yohana Mbatizaji. Watu wa Saint-Jean-de-Maurienne wanaamini kama vidole vya mtakatifu huyo vililetwa katika mji wao na mtakatifu Thecla katika karne ya 6, na ni kwa sababu hiyo mji wenyewe unaitwa jina la Yohana na mkono ule uko kwenye nembo ya mji. Taji ni la Savoie, juu Savoie ilikuwa zamani nchi ya watawala wakubwa. Kwa hiyo mkulima aliyefungua kisu chake ili akate mkate alikuwa anaona pale juu ya chuma mji wake, imani yake na nchi yake ya zamani. Joseph alikuwa mtu wa mashini, lakini hapo alifikiri kama mtu wa kijiji.

Mwaka 1911, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya Torino, kisu kilipata medali ya dhahabu. Halafu vita vikuu vya kwanza vikaingia. Katika miaka ile ya vita Joseph aliondoka mlimani. Alinunua kiwanda cha zamani cha ngozi pale Cognin, karibu kabisa na Chambéry, ili awe karibu na reli na wafanyakazi. Watoto wake, Marcel na Léon, wakaanza kuingia katika kazi.

Mwaka 1926 moto uliteketeza kiwanda cha Cognin. Mipini ya mti imekauka, vumbi la mbao kila mahali, unaweza kufikiri moto ule ulivyokimbia. Joseph alikuwa na miaka 54. Katika umri ule wengi wanachukua kile kilichobaki na kutulia. Yeye alijenga tena pamoja na watoto wake, na kiwanda kipya kikawa cha kisasa zaidi kuliko kile kilichoungua. Vita vikuu vya pili vilipokaribia, visu vilivyouzwa vilikuwa vimefika milioni 20. Kutoka kijito cha Gevoudaz mpaka milioni 20, katika maisha ya mtu mmoja. Mzee Daniel sijui angesema nini.

Miaka 65 bila kufuli

Tufike sasa kwenye jambo ambalo wengi hawalijue. Kwa miaka 65, kisu cha Opinel hakikuwa na kitu cha kukifunga kikiwa wazi. Ubapa ulikuwa unashikiliwa na mbano wa mti peke yake. Kwa kukata mkate, hakuna shida. Lakini ukisukuma ncha ndani ya kitu kigumu, ao mkono ukiteleza, kisu kinaweza kujikunja juu ya vidole. Kila aliyewahi kutumia kisu cha kukunja cha bei ndogo anajua hofu hiyo, na wengine wako na kovu.

Mti wenyewe ulikuwa na tabia yake. Mvua ikinyesha, mti unavimba na ubapa unakwama ndani. Watu wa Savoie walikuwa na mbinu yao: unashika kisu kikiwa kimefungwa, unagonga kitako cha mpini kwenye meza ao jiwe, na ubapa unaruka nje kidogo, kisha unauvuta kwa vidole. Mbinu ile inaitwa mpaka leo pigo la mtu wa Savoie.

Dawa ya shida ya vidole ililetwa na mtoto wake Marcel, mwaka 1955. Aliongeza pete ya pili, yenye upenyo, inayozunguka juu ya ile pete ya kwanza. Ukiweka upenyo sawa na mfereji, kisu kinafunguka. Ukishafungua, unazungusha pete kwa kidole gumba, upenyo unakwenda upande, na chuma cha pete kinazuia mgongo wa ubapa usirudi. Ni hiyo tu. Walikiita Virobloc. Vipande vinne vikawa vitano, na tangu mwaka 2000 pete ileile inaweza pia kufunga kisu kikiwa kimekunjwa, ili kisifunguke mfukoni. Joseph alikuwa na miaka 83 wakati mtoto wake alipomaliza kazi ile ambayo yeye aliiacha wazi. Alikuwa hai kuiona.

Hapa nataka kutoka kidogo katika njia, juu jambo la kufuli njo linatenganisha visu vya mfukoni, na linatuhusu. Kuko kisu kingine kinachojulikana sana kusini mwa Afrika, kinaitwa Okapi. Ndiyo, Okapi, jina la mnyama wetu wa msitu wa Ituri, ambaye wazungu walimwandika katika vitabu vyao vya wanyama mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, kisu cha jina hilo kilianza kutengenezwa Ujerumani, pale Solingen, ili kiuzwe katika makoloni ya Ujerumani Afrika. Leo kinatengenezwa Afrika Kusini. Chenyewe kinafungwa na resori ya mgongoni, na unavuta pete ndogo ili kukifungua kufuli. Kwa hiyo jina la mnyama wa Epulu limetembea mfukoni mwa watu ambao hawajaona hata picha yake.

Na kufuli linalosifiwa sana siku hizi ni lile ambalo mpini wenyewe njo kufuli. Mpini ni wa chuma ao titani, na upande mmoja umepasuliwa ili uwe kama resori. Ukifungua kisu, upande ule unaingia ndani na kusimama nyuma ya ubapa, na kadiri unavyokaza kiganja, njo kufuli linakazwa. Aliyeanzisha namna hiyo ni Chris Reeve, fundi aliyetoka Afrika Kusini akahamia Marekani, na kisu chake alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Visu vya aina hiyo, hasa vile fundi anavyotengeneza kimoja kimoja kwa agizo la mteja, vinagharimu mamia ya dola. Ukipata nafasi ya kukishika, angalia mambo machache: ubapa ukifunguka, ule upande wa kufuli uguse nyuma yake kabisa, si kwa ncha tu, bonyeza mgongo wa ubapa polepole, usiteleze, ubapa usichezecheze kushoto na kulia, na ukikunja, ncha iingie katikati ya mpini. Kanuni hizo zinafaa pia kwa kisu cha sokoni cha franga elfu chache, na ni pale hasa vidole viko hatarini.

Juu ya chuma: cha kaboni kinanolewa kwa urahisi hata kwenye jiwe la mtoni, kinakata vizuri, lakini katika mvua yetu kinashika kutu haraka, na ukikata limau ama nanasi kinakuwa cheusi. Cha inoksi hakisumbue hivyo. Opinel wanatengeneza vyote viwili. Mpini wa mti usiloweke ndani ya maji. Pangusa, kausha, weka tone la mafuta pale kwenye msumari.

Neno moja la tahadhari. Kisu mfukoni kwenye bariera kinaweza kuleta mazungumzo marefu, na katika pande zetu kila mtu anajua kwa nini. Wenye kukihitaji kwa shamba wakiweke pamoja na jembe na vyombo vya kazi, si kiunoni. Hata huko kwenyewe mambo si tofauti sana: Ufaransa sheria inakataza kutembea na kisu bila sababu ya haki, na Uingereza kisu kidogo cha kukunja kinaruhusiwa lakini kile chenye kufuli hapana, mpaka uonyeshe sababu. Pete ya Marcel iliyookoa vidole imeleta shida na polisi wa London.

Uzee na kifo

Joseph hakuonekana sana katika miaka yake ya mwisho. Kiwanda kilikuwa mikononi mwa watoto. Alifariki mwaka 1960, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka 88. Alizaliwa wakati watu wa bonde lake walikuwa wanatembea na taa za mafuta, akafa wakati ndege zinavuka bahari, na kisu alichokitengeneza akiwa na miaka 18 kilikuwa bado kinauzwa na umbo lilelile, kimeongezwa pete moja tu.

Baada yake sifa zikaongezeka kwa watu wasiofuga ng'ombe. Mwaka 1985 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilikiweka kisu cha Opinel katika vitu 100 vyenye umbo zuri kuliko vyote duniani, pamoja na gari la Porsche 911 na saa ya Rolex. Mimi nacheka kidogo nikisoma hilo. Porsche na kisu cha mchungaji kwenye meza moja! Lakini ukifikiri vizuri, chukudu ya Goma pia ingeweza kukaa pale: mti, misumari, mpira kidogo, hakuna kitu cha bure juu yake.

Watu walionunua kisu kile walikifanya chao. Mpini wa mti unakubali kila kitu, kwa hiyo wengi wanachonga jina lao juu yake, wengine samaki, wengine kichwa cha mbuzi, wengine wanaubadilisha umbo kabisa. Kiwanda kinauza mipaka ile ile kwa dunia nzima, kisha kila mmoja anamaliza kazi nyumbani kwa njia yake.

Pale Saint-Jean-de-Maurienne kuko leo jumba dogo la makumbusho, ambamo unaweza kuona vyombo vya zamani vya kufulia na mashini za kwanza za mipini. Kiwanda kiko Chambéry, na familia ya Opinel njo bado inakishikilia. Mkono wenye taji uko bado juu ya ubapa, na namba bado zinaanzia 2, zinapita 10, zinaruka 11, zinafika 12.